Mnataka kujenga maktaba ya mtaa huku Mtwara au Lindi? Someni hii kabla fundi hajaanza kuchimba msingi

Wadau habari za saa hizi. Mimi nachora ramani hapa Mtwara mjini, nyumba za watu, fremu za maduka, mara moja moja vitu vya umma, na mwaka huu nimefuatwa na kamati mbili tofauti zinazotaka kujenga maktaba ya mtaa, na zote mbili zilikuja na kitu kile kile mkononi yaani ramani ya darasa. Wameambiwa darasa si lipo, gharama zake zinajulikana, mafundi wanaliweza hata wakiwa wamelala, weka makabati ndani andika MAKTABA juu ya mlango kazi imeisha. Nikaona kuliko kila siku kurudia maneno yale yale niandike mara moja.

Darasa siyo maktaba jamani. Darasani mtoto anakaa kipindi, anatazama mbele, kengele ikilia katoka. Maktaba mtu anakaa masaa matatu kwenye kiti kimoja kichwa kimeinama, hakuna aliyemlazimisha kuja, joto likimzidi anafunga kitabu anaenda zake kukaa chini ya mwembe na hamumuoni tena. Kwa hiyo swali la kwanza siyo vitabu vingapi. Swali la kwanza ni hili: saa nane mchana, mwezi wa kumi na mbili, upepo wenyewe wa kuvizia, mtu atakaa wapi humu ndani bila kujipepea na daftari? Mkilijibu hilo kwenye karatasi, mengine mengi yanajipanga yenyewe, na mtaona hapa chini jinsi yanavyojipanga.

Kiwanja sitakikalia sana. Kiwe njiani kwa wanafunzi, kisiwe bondeni panapojaa maji, kisiwe ubavuni mwa mashine ya kusaga wala baa. Msikiti au kanisa jirani hakuna shida. Mkipewa chaguo kati ya kiwanja kikubwa cha mbali na kidogo cha karibu chukueni kidogo, maana mtoto wa kike anayesoma mpaka saa kumi na mbili jioni mama yake hatamruhusu kwenda mbali, hilo halihitaji utafiti.

Sasa jua. Hapa ndo watu wengi wanakosea, na mafundi wetu wengine nao wanageuza nyumba kufuata barabara basi. Sisi tuko nyuzi 10 na kitu kusini mwa ikweta, maana yake kuanzia mwisho wa Februari mpaka kama tarehe 20 Oktoba jua la mchana linakaa upande wa KASKAZINI mwa nyumba yako, na miezi minne tu iliyobaki ndo linahamia kusini. Kama huamini nenda kiwanjani mwezi wa sita, chomeka fimbo wima, subiri saa sita na robo hivi, utaona kivuli kimelala kuelekea kusini. Mwezi huo jua la mchana linashuka mpaka nyuzi kama 56 hivi kutoka ardhini, wakati Desemba lipo juu sana, nyuzi kama 77, karibu na utosi.

Hiyo inakwambia nini? Kwanza, jengo liwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi, na madirisha yote yawe kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi ukuta mtupu, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini na hakuna upenu utakaolizuia, linaingia moja kwa moja mpaka kwenye macho ya msomaji. Pili, upenu wa kaskazini ndo uwe mrefu. Mita 1 ya upenu upande huo inatia kivuli mita 1 na nusu ya ukuta kwenda chini mchana wa Juni, wakati mita hiyo hiyo upande wa kusini Desemba inatia kivuli ukuta mzima. Kwa hiyo kaskazini wekeni baraza lenye nguzo, kusini upenu wa kawaida wa sentimita 80 unatosha.

Na bahati yetu watu wa pwani ni kwamba upepo nao unataka hivyo hivyo. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki, zote mbili zinapata madirisha yako, inaingia huku inatokea kule. Ila ili upepo uvuke na mwanga ufike katikati chumba kisiwe kipana. Mimi naishia mita 7. Kwa upana huo hata kenchi za mbao za kawaida, yaani fremu za kubeba paa, zinabeba bila kuweka nguzo katikati.

Madirisha nitagombana na watu lakini nasema. Hii aluminiamu ya kusukuma pembeni ambayo kila mtu anaitaka siku hizi inafungua NUSU tu ya dirisha, nusu nyingine ni kioo kinakuangalia. Umelipia dirisha la mita mbili unapata upepo wa mita moja. Kwa maktaba wekeni luva, yaani vile vipande vya vioo vinavyogeuka, au ya kufungua kama mlango, na grili kwa nje. Chini ya dirisha anzieni sentimita 75 kutoka sakafuni, na kile kizingiti cha chini kitokezeni kwa ndani kiwe kipana sentimita 40 hivi, ni zege kidogo tu na nondo mbili tatu, mmeshapata meza ndefu ya kusomea yenye mwanga na upepo bila kununua meza. Hii kitu nilishaichora mara moja kwenye ofisi ya mtu, wafanyakazi wakaacha meza zao wakahamia dirishani.

Wapo watakaowaambia madirisha yawe juu ili makabati yakae chini yake. Hilo wazo siyo la kijinga, lina historia. Kule Marekani tajiri wa chuma Andrew Carnegie alilipia majengo ya maktaba 1,689, nyingi zikiwa ndogo za miji midogo na za mitaa, na katibu wake James Bertram alichoshwa na ramani za mbwembwe, minara na ngazi na kumbi zisizo na kazi, mpaka mwaka 1911 akaanza kutoa mwongozo: ukumbi mmoja ulio wazi, mhudumu mmoja anaona kila kona, na madirisha ya pembeni na nyuma yaanze kama futi 6 kutoka sakafuni ili ukuta wote chini ubebe vitabu. Ukumbi mmoja na mhudumu mmoja nachukua bila kubisha, maana hata sisi hatutakuwa na hela ya kulipa watu watatu. Ila dirisha la futi 6 ni la nchi ya baridi. Hapa ukiliweka huko upepo unapita juu ya kichwa cha mtu, yeye anabaki anatota jasho. Na sisi hatulihitaji, kwa sababu tayari tuna kuta mbili tupu, ile ya mashariki na ya magharibi. Hizo ndo za vitabu. Kaskazini na kusini ni za watu. Umeona inavyojipanga?

Tupige hesabu ili isiwe maneno tu. Chukua ukumbi wa mita 14 kwa 7. Upande wa magharibi ongeza chumba cha mita 3 kwa 7, nusu ofisi nusu stoo, kazi yake nyingine ni kupokea lile jua la saa tisa mpaka kumi na mbili ili lisifike ukumbini. Ukuta wa mashariki unabeba makabati 7 ya upana wa sentimita 90, na ule unaotenganisha ukumbi na stoo ukitoa mlango unabeba 6. Kila kabati rafu tano. Hapo ni mita kama 58 za rafu. Kwenye mita moja weka vitabu 25, usijaze mpaka mwisho maana kitabu kinatakiwa kitoke kwa vidole viwili. Ongeza makabati 8 mafupi ya rafu tatu, urefu wa mita 1.2 yasizidi, yapangeni katikati kama uzio wa kutenganisha watoto na wakubwa. Jumla mnafika vitabu 2,000 na bado mna nafasi ya wasomaji 28 kwenye viti na watoto kumi na mbili kwenye mkeka. Mtaa gani hapa kwetu utaanza na zaidi ya vitabu elfu mbili? Na hayo makabati ya katikati lazima yawe mafupi ili mhudumu akikaa mezani kwake, karibu na mlango, amuone hata mtoto anayechana kurasa kule mwisho.

Msizidishe upana wa rafu zaidi ya hizo sentimita 90, vitabu ni vizito, ubao mrefu unapinda tumbo ndani ya mwaka. Na kwa sababu hiyo hiyo ya uzito sahauni ghorofa. Sakafu ya juu ya kubeba makabati ya vitabu inabidi ibebe zaidi ya mara mbili ya sakafu ya chumba cha kusomea, hiyo hela bora mkanunulie vitabu.

Mchwa. Kuna sehemu moja sitaitaja niliitwa kuangalia ufa kwenye ukuta, pale kwenye kona kulikuwa na maboksi matano ya vitabu vya msaada yamepangwa sakafuni yanasubiri makabati, yamesubiri msimu mzima wa mvua. Nikainua la juu, jepesi kuliko nilivyotegemea. La chini nikaligusa tu mkono ukazama. Juu karatasi imebaki nzima kama ganda la yai, ndani udongo mwekundu umejengwa vizuri kabisa na vijia vyake, kurasa zimekwisha, kilichobaki ni kingo za majalada na vile vipande vya gundi ya mgongoni. Nilipofagia nikaona walikotokea, ufa wa sakafu mwembamba hata sarafu haipiti. Kuanzia siku ile kwenye ramani yangu yoyote yenye neno vitabu dawa ya mchwa inapigwa kabla ya jamvi (sakafu ya zege), karatasi la nailoni linatandikwa, na jamvi linamwagwa siku moja halafu linamwagiliwa wiki nzima lisipasuke. Hapo kwenye kumwagilia simameni wenyewe, fundi akishalipwa ya jamvi humuoni na ndoo.

Makabati nayo yasiguse ukuta, acheni sentimita 5, na rafu ya chini iwe juu ya sakafu kama sentimita 15, miguu ya chuma au kijiukuta cha zege. Sababu ni kwamba mchwa hatembei wazi, anajenga kijia cha udongo, ukiacha nafasi mhudumu anakiona asubuhi akifagia. Mbao ikiwa ya mninga nzuri sana, ikiwa laini iwe imetiwa dawa. Na tafadhali msinunue yale makabati ya vioo yenye kufuli. Najua yanapendeza na mgeni rasmi atapiga picha mbele yake, lakini hewa ya huku ina unyevu, ukikifungia kitabu humo hakipumui, kinaota ukungu mweupe na ile harufu ya nguo iliyofuliwa ikakosa jua. Rafu wazi, upepo upite, basi.

Paa. Bati bila silingi usiku mvua ya Januari ikianza hamsikilizani, mchana ni oveni. Silingi lazima, na kati ya bati na silingi hewa ipite, wekeni nafasi chini ya upenu na juu kwenye kichwa cha paa, ila kila nafasi izibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Nasisitiza wavu kwa ajili ya popo. Popo akipata upenyo wa upana wa vidole viwili anaingia, akiingia analeta ukoo, na mkojo wake ukishalowesha silingi harufu ile haitoki mpaka mbomoe. Jipsamu ni rahisi ila ikivujiwa mara moja inavimba, ubao ni ghali ila unasamehe. Rangi ya silingi nyeupe, siyo urembo, inarudisha mwanga mezani.

Na paa lifungwe. Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, wazee wapo wanaoikumbuka, Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilituchungulia kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya mto Ruvuma, Mei 2024 kingine, Hidaya, kikaja pwani yetu. Kwa hiyo kenchi hazikai juu ya ukuta kwa misumari na dua, nondo zitoke kwenye mkanda wa juu, lile zege linalozunguka juu ya kuta, zizungushwe kwenye mbao. Paa la baraza litenganisheni na paa kubwa, lijitegemee chini yake kidogo, ili upepo ukilichukua lisiondoke na mwenzake. Bati la geji 28, kumbukeni namba ikiwa ndogo bati ni nene, na mkiwa karibu na bahari misumari na skrubu ziwe zilizochovywa kwenye zinki siyo zile za kung'aa tu. Chumvi haina huruma. Mchanga wa ufukweni msiuweke kwenye zege lenye nondo hata kama ni wa bure, hasa kama ni wa bure.

Baraza nimelitaja kama kivuli tu lakini mimi naona ndo sehemu ya muhimu kuliko zote baada ya ukumbi wenyewe. Nendeni Mikindani mkaangalie nyumba za zamani, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene hatuwezi kuziiga kwa tofali za inchi 6, ila ile tabia ya kuweka kiti cha kujengea nje ukutani tunaiweza kwa tofali kozi mbili, yaani mistari miwili. Wekeni baraza lenye upana wa mita 2 na nusu urefu wa jengo zima, kiti cha zege cha sentimita 45, na soketi kadhaa za kuchajia simu. Kuna watu kuingia ndani wanaona aibu, bibi amemleta mjukuu, kijana wa bodaboda anasubiri abiria, mvuvi ametoka baharini hajabadilisha nguo. Hao wataanzia barazani na gazeti. Na mlango mkuu ukifungwa jioni baraza libaki na taa, wanafunzi watakaa hapo, kwa hiyo swichi yake msiifungie ndani ofisini.

Mengine kwa haraka. Sakafu ikiwa juu ya ardhi sentimita 45, njia ya kiti cha magurudumu inatakiwa kushuka taratibu, 1 kwa 12, maana yake mita 5.4, ipangieni nafasi tangu mwanzo siyo kuja kubandika mteremko wa kuangushia watu. Kati ya makabati acheni angalau sentimita 90, mita 1.2 ikiwezekana. Vyoo viwe nje upande wa magharibi, kusi na kaskazi zote zinatoka mashariki, harufu itaenda zake porini na siyo ukumbini. Mlango wa pili wa dharura nyuma, ufungukie nje. Paa likiwa la mita 20 kwa 10, mvua ya milimita 20 tu inawapa maji karibu lita 4,000, kwa hiyo gata na tangi msiviache kwenye awamu ijayo ambayo haifiki.

Kibali mnaanzia kwa mtendaji wa mtaa mpaka manispaa, na kwa kuwa ni jengo la umma ramani ipite kwa msanifu aliyesajiliwa na mhandisi, mimi mwenyewe huwa napeleka. Na kabla hamjamaliza ramani waandikieni Bodi ya Huduma za Maktaba, ndo wenye kazi hii nchini kwa sheria, wanajua jinsi ya kupanga huduma yenyewe kuliko mimi mchoraji.

Hela ikiwa haitoshi, na najua haitatosha, msijenge nusu ya chumba. Jengeni jamvi lote, nguzo, mkanda na paa lote, kuta ziwe za kusubiri isipokuwa ile stoo ya magharibi ambayo mnaifunga kabisa na kuweka vitabu ndani kwenye rafu. Tayari mna kivuli chenye upepo, mkeka unatandikwa, vitabu vinatolewa asubuhi vinarudishwa jioni, mnaanza kuhudumia watu wakati mchango mwingine unatafutwa. Kwenye jamvi mtakuwa mmeacha vichwa vya nondo za kushikia kuta za baadaye. Vichwa hivyo msiviache wazi hata mwezi mmoja, vipakeni uji wa saruji au mvifunike kwa zege jepesi la kubomoka, maana nondo zikishaliwa na kutu ya bahari fundi wa awamu ya pili atazikata na kuendelea kujenga kama hazikuwahi kuwepo.